Shule za Umma katika Jamii Zinazokua: Mfano wa Kaplong

Utangulizi

Kaplong ni njia panda. Barabara itokayo Kericho kupitia Litein hukutana hapo na ile itokayo Narok na Bomet kuelekea Sotik na Kisii. Anayesimama mahali hapo saa kumi na mbili na nusu za asubuhi huona mambo matatu kwa mpigo: malori ya majani chai, pikipiki za abiria, na watoto waliovaa sare za shule. Sare hizo ni za rangi nyingi, na wazivaao huongezeka kila mwaka. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2019, kaunti ya Bomet, ambamo Kaplong imo, ilikuwa na watu 875,689, na jirani yake Kericho watu 901,777. Mashamba ya ukoo yamegawanywa kwa wana na wajukuu, nyumba za kupanga zimechipuka kandokando ya barabara, na wafanyabiashara kutoka Gusii na kwingineko wamehamia mjini pamoja na jamaa zao.

Jamii inapokua hivi, jambo la kwanza ambalo mzazi huuliza ni shule. Makala hii inadhamiria kueleza jinsi serikali ya Kenya inavyowekeza katika shule za umma na kwa nini uwekezaji huo huchelewa kufika pale ambapo watu wanaongezeka. Aidha, itaonyesha kwamba suala hili si la wachumi peke yao. Linatuhusu sisi tunaosoma na kufundisha Kiswahili, kwa kuwa somo letu hustawi au hudumaa ndani ya darasa lile lile ambalo serikali imejenga au imeshindwa kujenga.

Maneno na maana zake

Mwanafunzi wa lugha hana budi kuanza na maneno. Mazungumzo kuhusu shule za umma nchini Kenya yamejengwa juu ya istilahi chache, na kila moja ina utata wake.

Neno la kwanza ni "bure". Wananchi husema "elimu ya bure", ilhali nyaraka rasmi husema "elimu bila malipo". Tofauti hii si ndogo. Katika Kiswahili, "bure" ni kitu kisicholipiwa, lakini pia ni kitu kisicho na faida: mtu hujisumbua bure, na asiyefaa huitwa mtu bure. Mzazi anayelalamika kwamba elimu ya bure imekuwa bure kwelikweli anatumia maana zote mbili kwa pamoja, na msikilizaji hahitaji kufafanuliwa.

Neno la pili ni "mchango". Asili yake ni kitenzi "changa", yaani kila mmoja kutoa alicho nacho kwa hiari ili kutimiza haja ya wote. Shuleni, hata hivyo, mchango huwa na kiwango kilichowekwa, tarehe ya mwisho, na pengine adhabu kwa asiyelipa. Mchango wa namna hiyo ni karo iliyobadilishwa jina. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inaliona hilo. Inakataza shule za umma kutoza karo ya masomo. Inaruhusu malipo mengine pale tu yanapoidhinishwa na waziri kwa kushauriana na bodi ya elimu ya kaunti. Inaongeza kwamba mtoto asifukuzwe kwa kukosa kulipa malipo hayo, na kwamba fedha zisikusanywe pasipo kutoa risiti rasmi. Ni wazazi wangapi wanaoyajua masharti haya? Swali hili tutalirudia.

Neno la tatu ni "umma". Shule ya umma ni ya watu wote, lakini wengi huiita "shule ya serikali", kana kwamba mwenyewe ni mtu mwingine aliye Nairobi. Historia inaonyesha kwamba shule nyingi za eneo hili zilianza kwa mikono ya wanakijiji wenyewe.

Historia kwa ufupi

Shule za kwanza katika nchi ya Wakipsigis zilihusiana sana na misheni: Wakatoliki Kaplong, wamisionari wa Kiprotestanti Litein na Tenwek. Baada ya uhuru, Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliziweka shule za makanisa chini ya usimamizi wa serikali, na makanisa yakabaki kuwa wafadhili. Ndiyo sababu hadi leo jina la kanisa huonekana kwenye kibao cha shule ambayo walimu wake hulipwa na serikali.

Mwaka 1963 watoto waliokuwa katika shule za msingi kote nchini walikuwa 891,553. Kiu ya elimu ilikuwa kubwa kuliko hazina ya taifa, na Rais Jomo Kenyatta akauhimiza wito wa harambee. Wazee walitoa ardhi, akina mama walibeba mawe na maji, na vijana walifyatua matofali. Serikali ilitarajiwa kuleta mwalimu baada ya jamii kuleta jengo. Huo ndio mgawanyo wa kazi uliozoeleka, nao ungali unaathiri fikra zetu: ukuta ni wa wazazi, mwalimu ni wa serikali.

Desemba 1973 Kenyatta alitangaza kuondolewa kwa karo kuanzia darasa la kwanza hadi la nne. Januari iliyofuata idadi ya wanafunzi nchini iliruka kutoka takriban milioni 1.8 hadi karibu milioni 2.8. Madarasa hayakuwapo. Shule zikaanza kutoza ada ya ujenzi, na mahali pengi ada hiyo ilizidi karo iliyoondolewa. Watoto wengi wakarudi nyumbani. Mwishoni mwa miaka ya 1980, chini ya sera ya kugawana gharama, mzigo wa mzazi ulizidi kuwa mzito.

Januari 2003 serikali ya NARC chini ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule zote za msingi za umma. Idadi ya wanafunzi ilipanda kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka huo mmoja. Mwaka 2008 ikaja elimu ya sekondari ya kutwa isiyotozwa karo ya masomo, kwa mgao wa shilingi 10,265 kwa kila mwanafunzi. Mwaka 2018 mgao huo ulifikishwa shilingi 22,244. Katiba ya mwaka 2010 nayo iliifanya elimu ya msingi isiyolipiwa na ya lazima kuwa haki ya kila mtoto. Funzo la 1974 ni lile lile la 2003: tangazo huwaleta watoto kwa siku moja, lakini darasa halijengwi kwa siku moja.

Njia nne za fedha

Ili kuelewa kinachotokea Kaplong, ni lazima kutofautisha njia nne ambazo fedha za umma hupitia.

Njia ya kwanza ni mgao wa kila mwanafunzi. Mwaka 2003 ulikuwa shilingi 1,020 kwa mwaka kwa mtoto wa shule ya msingi. Ziligawanywa katika akaunti mbili: shilingi 650 za vitabu na vifaa vya kufundishia, na shilingi 370 za matumizi mengine kama ukarabati, maji na umeme. Baadaye mgao huo ulipandishwa hadi shilingi 1,420. Shule ya sekondari msingi, iliyoanza mwaka 2023, ilitengewa shilingi 15,042 kwa mwanafunzi.

Njia ya pili ni mishahara ya walimu, ambayo hulipwa na Tume ya Kuajiri Walimu (TSC). Fedha hizi hazipiti shuleni. Shule hupata mwalimu au haimpati.

Njia ya tatu ni fedha za ujenzi. Hizi hutoka katika Wizara ya Elimu kwa miradi maalumu, au katika Hazina ya Maendeleo ya Maeneo Bunge iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mfuko huu ndio uliojenga madarasa mengi yanayoonekana vijijini. Hata hivyo, hutegemea maamuzi ya kamati za eneo bunge, na uhalali wake umepingwa mahakamani. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo ya mwaka 2015 haipatani na Katiba.

Njia ya nne ni ya kaunti. Katiba imezipa serikali za kaunti elimu ya chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini, lakini shule za msingi na sekondari zimebaki mikononi mwa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo katika uwanja mmoja wa shule darasa la chekechea huwa la kaunti, na darasa linalopakana nalo huwa la taifa. Mzazi anayelalamika kuhusu paa linalovuja anapaswa kwanza kujua ni paa la nani.

Hesabu ya darasa

Tuchukue mfano wa kubuni, wenye tarakimu za kweli za mgao. Shule ya msingi iko karibu na njia panda na ina wanafunzi 400. Kwa shilingi 1,420 kila mmoja, hupata shilingi 568,000 kwa mwaka. Nyumba za kupanga zinajengwa karibu, na baada ya miaka michache wanafunzi ni 500. Mgao unaongezeka kwa shilingi 142,000. Hadi hapo, mfumo unafanya kazi: fedha zimewafuata watoto.

Lakini watoto 100 wanahitaji angalau madarasa mawili. Serikali ilipopanga mwaka 2021 kujenga madarasa 10,000 kwa ajili ya mtaala mpya, ilitenga takriban shilingi bilioni 8, yaani wastani wa shilingi 800,000 kwa darasa moja. Madarasa mawili ni shilingi 1,600,000. Hata kama shule ingetumia nyongeza yote kwa ujenzi na kuwanyima watoto hao vitabu na chaki, ingehitaji zaidi ya miaka 11. Watoto hao watakuwa wamekwisha kuondoka shuleni.

Hapa ndipo penye kiini cha tatizo. Mgao hukua kidogo kidogo, mtoto kwa mtoto, bali gharama ya darasa huja kwa mkupuo. Katika jamii ambayo idadi ya watu haibadiliki, shule hukarabati ilicho nacho na maisha huendelea. Katika jamii inayokua, pengo huonekana kila Januari, na anayeitwa kuliziba ni mzazi.

Kuna mambo mengine yanayolipanua pengo hilo. Fedha huhesabiwa kwa wanafunzi walioandikishwa katika mfumo wa kompyuta wa wizara, na uandikishaji umekuwa ukidai cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyehamia jana pamoja na mama anayeuza mboga sokoni pengine hana cheti. Huyo hukaa darasani, hula chaki na kitabu cha wenzake, lakini katika hesabu ya mgao hayupo. Tena, mgao hufika kwa mafungu kila muhula, na mara nyingi hufika umechelewa au umepungua. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi alikiri mbele ya wabunge kwamba serikali haikuwa ikimudu kulipa shilingi 22,244 kamili kwa kila mwanafunzi wa sekondari. Isitoshe, fedha nyingine hupotea njiani. Uingereza na Marekani zilisimamisha misaada yao kwa mpango wa elimu ya msingi kati ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010, baada ya ubadhirifu kugunduliwa.

Chai, bonasi na shule

Kaplong imezungukwa na uchumi wa chai, nao una tabia zake. Mkulima mdogo hulipwa kiasi kila mwezi kwa majani aliyopeleka kiwandani, kisha hupata bonasi mara moja kwa mwaka. Bonasi ndiyo huezeka nyumba, na ndiyo hulipa michango ya shule. Inapokuwa ndogo, shule huhisi. Katika miaka ya 2024 na 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa walilalamika kwamba bonasi yao ilikuwa chini sana kuliko ya wenzao wa mashariki. Kwa hiyo ukuta wa darasa unaotegemea mchango wa wazazi hutegemea pia bei ya chai katika mnada wa Mombasa. Huo si msingi imara wa kujengea haki ya kikatiba.

Upande wa Kericho, makampuni makubwa ya chai yaliyoanza kupanda mashamba yao miaka ya 1920 yalijenga vijiji vya wafanyakazi, na katika vijiji hivyo shule. Shule hizo zilipokea watoto wa Wakipsigis, Wagusii, Wajaluo na Waluhya. Mashine za kuchuma chai zimepunguza mikono inayohitajika, na anayepoteza kazi katika shamba la kampuni hupoteza pia nyumba. Jamaa wa namna hiyo hawatoweki. Huhamia kwenye vituo vya biashara, na watoto wao hubisha hodi katika shule ya umma iliyo karibu. Hivyo shule moja inaweza kubaki na madawati matupu huku nyingine, mwendo wa saa chache kutoka hapo, ikifundisha chini ya mti.

Suala la ardhi nalo halina budi kutajwa. Shule nyingi zilisimama juu ya ekari chache zilizotolewa kwa neno la mdomo. Kituo kinapokua, ardhi hupanda bei, na uwanja wa shule usio na hati huanza kutazamwa kwa jicho la tamaa. Januari 2015 wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi walirushiwa vitoza machozi walipokuwa wakidai uwanja wao ulionyakuliwa. Vituo vidogo kama Kaplong vina nafasi ya kujifunza kutokana na tukio hilo kabla halijawafika.

Kiswahili katika darasa lililojaa

Sasa tuje kwenye somo letu. Mwandishi wa makala hii aliwahi kufundisha Kiswahili kwa mkataba wa bodi ya shule moja ya kutwa katika eneo hili. Darasa lilikuwa na wanafunzi 72. Kipindi ni dakika 40. Kila mwanafunzi akipewa nafasi ya kusema, na mwalimu akanyamaza kabisa, kila mmoja atapata sekunde 33. Insha moja ikisahihishwa kwa dakika tano, insha 72 ni saa sita kamili, na hilo ni darasa moja tu kati ya manne. Matokeo yake ni rahisi kubashiri: insha hupunguzwa kutoka moja kwa wiki hadi mbili kwa muhula, na mazoezi ya mdomo huachwa.

Katika eneo hili, kuacha mazoezi ya mdomo kuna gharama. Katika Kikalenjin, sauti ghuna na sauti zisizo ghuna kama /b/ na /p/, /d/ na /t/, /g/ na /k/ hazitofautishi maana kama zifanyavyo katika Kiswahili. Mtoto anaweza kuyajua maneno "pata" na "bata", au "kamba" na "gamba", lakini asiyatofautishe anapoyatamka, na hatimaye asiyatofautishe anapoyaandika. Kosa hili hurekebishwa kwa mwalimu kumsikiliza mtoto mmoja mmoja. Halirekebishwi kwa darasa zima kuitikia kwa pamoja, maana katika sauti ya watu 72 kosa la mmoja halisikiki.

Aidha, tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976, sera imekuwa kwamba mtoto afundishwe katika madarasa ya mwanzo kwa lugha ya mazingira ya shule. Kijijini lugha hiyo ni Kikipsigis. Lakini katika shamba la kampuni, na katika kituo kinachopokea watu kutoka pande zote, lugha ya mazingira ni Kiswahili. Kadiri Kaplong inavyokua, ndivyo Kiswahili kinavyotoka kuwa somo tu na kuwa lugha ya kufundishia. Mpango wa walimu na vitabu ungepaswa kulizingatia hilo.

Wakati huohuo, maelfu ya waliohitimu ualimu wa Kiswahili wako nyumbani. Tangu mwaka 1998 serikali iliposimamisha uajiri wa jumla wa walimu, wahitimu wamekuwa wakingoja nafasi chache zinazotangazwa. Wengi huajiriwa na bodi za shule kwa ujira unaotokana na michango ya wazazi. Yaani mzazi wa Kaplong hujenga ukuta, kisha hulipa pia mwalimu. Ule mgawanyo wa zamani wa ukuta kwa mzazi na mwalimu kwa serikali umevunjika, na umevunjikia upande mmoja.

Nini kifanyike?

Mambo matatu yanaonekana kuwa ya haki na yanawezekana. Kwanza, fedha za ujenzi zitengwe kwa kutazama mwelekeo wa ongezeko la watu badala ya kungoja msongamano. Orodha ya watoto wa chekechea, ambayo kaunti inayo, hutabiri darasa la kwanza la mwaka ujao. Kaunti na wizara zikizungumza, Januari haitamshangaza mtu. Pili, kila shule ya umma ipatiwe hati ya ardhi mapema, kabla ardhi haijawa ghali.

La tatu linatuhusu sisi. Taarifa za mgao, bajeti za shule na masharti ya sheria kuhusu michango huandikwa zaidi kwa Kiingereza, ilhali Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Mzazi asiyesoma taarifa hizo hawezi kuuliza fedha zimekwenda wapi. Chama chetu kingeweza kuandaa tafsiri fupi za vifungu hivyo, zenye lugha nyepesi, na kuzibandika katika mbao za matangazo za shule wakati wa mazoezi ya kufundisha. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji mfasiri, na wafasiri tunao.

Hitimisho

Tumeona kwamba uwekezaji wa serikali katika shule za umma si fungu moja. Ni njia nne zenye kasi tofauti: mtoto hufika kwa siku, mgao kwa muhula, ukuta kwa miaka, na mwalimu kwa bahati. Jamii isiyokua huweza kuvumilia tofauti hizo. Jamii inayokua kama Kaplong huzilipa kutoka mfukoni mwa mkulima wa chai na mpangaji wa chumba kimoja. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza Januari hii hangoji, kwa sababu utoto haungoji. Atasoma katika darasa lililopo, kwa mwalimu aliyepo, na Kiswahili atakachokimiliki kitakuwa kile ambacho sekunde 33 zinaweza kumpa.